Mjane Hajaenda Harar

Siku ya ishirini na tisa baada ya kujifungua, Tirsit aligundua kwamba mumewe amemtangulia kusoma kitabu chao.

Aligundua saa moja jioni, wakati Getnet akimega injera kwenye sinia na mama yake amewapa mgongo jikoni, akikoroga uji wa shayiri wa mzazi. Nyumba ile ya ghorofa ya tatu, pembezoni mwa Addis Ababa, ilikuwa na chumba kimoja na nusu. Nusu ndiyo iliyokuwa jiko, na mtu aliyekuwa jikoni aliweza kusikia mtu wa kitandani akimeza mate. Kwa hiyo mume na mke walikuwa wamezoea kuzungumza kwa sauti ya chini, midomo ikitazama chakula.

"Yule mjane naye mzembe," alisema Getnet. "Angeichoma tu ile barua kabla ya mambo ya Harar."

Tirsit alikuwa ananyonyesha. Aliinua macho.

"Mambo gani ya Harar?"

Getnet aliacha kutafuna.

"Mjane hajaenda Harar," alisema Tirsit.

"Hajaenda," alikubali Getnet. Halafu, kwa kuwa alikuwa mtu mkweli katika mambo madogo, akaongeza, "Bado."

Mtoto aliachia ziwa, akapiga chafya. Tirsit alimfuta pua bila kumtazama. Alikuwa anamtazama baba wa mtoto.

"Nani kaenda Harar?" aliuliza Emama Wagaye, mama yake Getnet, kutoka jikoni.

"Mtu wa ofisini, mama," alijibu Getnet.

"Kwa heri au kwa shari?"

"Kikazi tu."

Mtu ambaye hajaoa msomaji, au hajaolewa naye, atasema hapa hakuna kosa. Ni kitabu, mtu amesoma, kuna nini? Lakini hawa wawili walikutana kwenye kibanda cha Gashe Asrat, mkodishaji vitabu, na tangu hapo hawakuwahi kuwa na starehe nyingine. Hawakuwa na gari, wala televisheni yenye akili. Walikuwa na kitabu kimoja cha kukodi kwa wakati mmoja, na sharti moja: hakuna anayemtangulia mwenziwe. Kila jioni walikuwa wanakaa na kahawa yao, wanabishana mpaka majirani wanadhani wanagombana. Kwa miaka minne ndoa yao ilikuwa hiyo.

Kisha akazaliwa Bezawit, na Emama Wagaye akateremka kutoka milima ya Menz na kibuyu cha siagi, mkoba wa nguo na sheria zake.

Sheria ya kwanza ilikuwa kwamba mzazi wa mtoto wa kike haachwi peke yake siku themanini, mpaka mtoto abatizwe. Ya pili, hagusi maji baridi. Ya tatu, hasomi. Macho ya mzazi, alisema Emama, yamefunguka pamoja na kila kitu kingine, na ukiyachosha kwa herufi hayafungi tena. Alimjua mwanamke wa Menz aliyesoma risiti ya mbolea siku ya kumi na tano, na mpaka leo anamsalimia mbuzi akidhani ni padri.

Tirsit alikuwa msahihishaji katika kiwanda cha uchapaji. Miaka tisa alilipwa kusoma. Sasa aliruhusiwa kutazama ukuta. Wiki ya kwanza alivumilia. Wiki ya pili alisoma kopo la unga wa shayiri mara kumi na nne, akakuta makosa mawili, na hakuwa na wa kumwambia.

Getnet hakuwa na ubavu wa kumkabili mama yake, lakini alikuwa na koti lenye mfuko mkubwa wa ndani. Gashe Asrat alikuwa na mtindo wake: kitabu kinene anakikata kwa kisu vipande sita, kila kipande anakitia jalada la karatasi ya mfuko wa saruji, ili wateja sita wakodi kitabu kimoja kwa pamoja. Kipande kimoja kilienea vizuri kwenye koti. Tatizo likawa mahali pa kukificha nyumbani, kwa sababu Emama alikuwa anapangusa kila kitu mara mbili kwa siku.

Hapo ndipo Getnet alipopata wazo ambalo baadaye alilikana. Juu ya mto wa mzazi ulikuwa umetundikwa mfuko wa ngozi wenye Daudi, yaani Zaburi, ili kumlinda mama na mtoto. Emama hakuwa anaupangusa mfuko ule. Alikuwa anaubusu tu. Getnet aliitoa Daudi, akaitia chini ya godoro, na ndani ya mfuko akatia sehemu ya kwanza ya kisa cha mjane wa Dire Dawa, mpangaji wake anayetengeneza saa, na barua isiyofunguliwa.

Basi Tirsit akawa anasoma wakati wa kunyonyesha, uso ukielekea ukutani, kurasa mbili kwa kila ziwa. Emama hakujua kusoma. Alimwona mkwewe ameinamia mfuko wa Daudi mara nane kwa siku, akawaambia majirani kwamba mwanawe ameoa mtu wa ibada.

"Umefika wapi?" Tirsit alinong'ona sasa.

Getnet alitazama sinia.

"Getnet. Sehemu ya ngapi?"

"Ya sita."

"Umemaliza?"

"Sikukusudia. Nilipita tu kwa Gashe Asrat baada ya kazi, jamaa walikuwa pale wanazungumzia—"

"Umezungumza na watu."

"Kidogo."

"Umekaa na watu, umekizungumza, kimekwisha." Sauti yake haikupanda. Ilishuka, na Getnet akaona heri ingepanda. "Mimi nina kurasa mbili kwa ziwa, Getnet. Wewe una mchana kutwa. Hukuweza kuningoja?"

Kama angemkuta na mwanamke, Tirsit aliwaza, angalau mashoga zake wangemjia kumpa pole. Hili angemweleza nani?

"Kunywa uji," alisema Emama Wagaye, akiingia na bakuli. "Ukikasirika maziwa yanachacha."

*

Wageni walikuwa wanakuja kuanzia saa nne asubuhi. Walivua viatu mlangoni, wakamwambia Tirsit, "Mariamu amekuhurumia," wakabusu mfuko wa ngozi, wakaketi. Emama aliwapakulia genfo, ule ugali wa shayiri wenye kisima cha siagi katikati, na mazungumzo yakaanza. Yalikuwa ya mambo matatu: kinachoingia kwa mtoto, kinachotoka kwa mtoto, na rangi yake.

"Kama haradali au kama mchuzi wa shiro?" aliuliza Weizero Amsale, jirani wa mlango wa pili.

"Haradali," alijibu Emama kwa fahari.

"Jana pia?"

"Jana ilikaribia shiro, nikampunguzia mama yake pilipili."

Wote wakamtazama Tirsit, wakaridhika. Siku ya thelathini alikuja Roman, shoga yake wa kiwandani. Walikuwa wanakaa meza moja, na Roman ndiye aliyemfundisha kusoma mstari kutoka mwisho kwenda mwanzo ili makosa yajitokeze. Tirsit alimsubiri kuanzia alfajiri. Alichana nywele. Alipanga maswali matatu kichwani, yasije yakampotea.

"Ile kamusi mmeifikisha wapi?" aliuliza, Roman hajaketi vizuri.

"Wee, achana na kamusi," alisema Roman. "Analala?"

"Analala. Mlifika herufi gani?"

"Saa ngapi kwa usiku?"

"Roman, nakuuliza kazi."

Roman alimshika mkono kwa huruma. "Sasa hivi kazi yako ni hii, mpenzi. Kichwa kipumzike. Hebu nione, anafanana na nani?" Akamchukua mtoto, akaanza kumwimbia, na kwa nusu saa akazungumza na Emama Wagaye kuhusu gesi ya tumboni. Alipoondoka aliubusu mfuko wa ngozi mara mbili, kwa sababu alikuwa na mtihani wa udereva.

Tirsit aligeukia ukuta, akalia polepole ili mtoto asiamke. Hakulia kwa sababu ya kamusi. Alilia kwa sababu Roman alimpenda kweli, na hata hivyo alikuwa amekuja kumtembelea mtu mwingine.

Jioni Getnet alileta habari ya padri. Abba Zelibanos, baba wa kiroho wa nyumba, alipaswa kuja kunyunyiza maji ya baraka siku ya kumi na mbili, lakini alikuwa na msiba kwao na Emama alikataa padri mwingine. Sasa amerudi. Atakuja kesho kutwa asubuhi.

"Kitoe kile kitu," Tirsit alimnong'oneza. "Rudisha Daudi mahali pake."

"Nitakitoa."

"Leo."

"Mama yuko macho. Kesho."

Kesho yake alichelewa kurudi. Alikuwa kwa Gashe Asrat, akisikiliza jamaa wakibishana kama mpangaji wa mjane alijua kilichomo kwenye barua.

*

Abba Zelibanos alikuwa mnene, mwenye miguu mibaya, na ngazi za ghorofa tatu zilimtoa jasho. Aliketi, akapewa maji, akawauliza watu hali zao mmoja mmoja. Weizero Amsale alikuwepo na dada yake. Getnet aliomba ruhusa kazini, akasimama karibu na dirisha na kola imembana. Alikuwa na matumaini kwamba padri atakuja na kitabu chake mwenyewe.

"Nimekuja na msalaba tu," alisema Abba. "Kitabu kimenishinda kukipandisha ngazi. Nipeni Daudi ya nyumba."

Emama Wagaye aliutungua mfuko kwa mikono miwili, akaubusu, akampa. Abba akaubusu. Akatia mkono, akatoa.

Jalada la karatasi ya saruji lilikuwa limeandikwa kwa kalamu ya wino ya Gashe Asrat: SEHEMU YA 3. USIKUNJE. USILE CHAKULA JUU YAKE. Abba Zelibanos alisoma maneno hayo. Akalifungua jalada kidogo, akasoma mstari, akalifunga. Alimtazama mzazi, na mzazi alikuwa ametazama chini. Alimtazama mume, na mume alikuwa anatazama nje kwa makini, kana kwamba kuna jambo kwenye matangi ya maji.

Abba alikuwa ameingia nyumba nyingi. Alikohoa, akakifungua kitabu katikati, akakiinua mbele ya uso, akaanza kuzisoma zaburi kwa Kigeezi, lugha ya kanisa, kutoka kichwani mwake, kama alivyofundishwa akiwa na miaka saba. Tirsit alitoa pumzi. Yote yangekwisha salama kama mtu yule asingekuwa na macho.

Lakini herufi zilikuwa mbele yake, na macho yakaenda zenyewe. Mdomo ulikuwa unamsifu Mungu. Macho yalikuwa Dire Dawa. Baada ya muda mdomo ukaanza kuburura maneno. Kisha ukarudia aya moja. Ukairudia tena. Na katikati ya zaburi fupi kuliko zote, Abba Zelibanos akalamba kidole akafungua ukurasa.

Emama Wagaye hakujua herufi hata moja, lakini zaburi alizijua kwa masikio kwa miaka sitini. Alikunja uso. Alingoja mpaka maji yaliponyunyizwa kwenye kuta, kitandani na kwenye paji la mtoto, ambaye hakuyafurahia. Watu walipomaliza kuitikia amina, akasema, "Abba, ile aya umeisema mara tatu."

"Uzee, mama."

"Na ukafungua ukurasa pale pasipofunguliwa."

"Vidole vina majasho."

Emama alinyoosha mkono. Padri hakuwa na la kufanya ila kumpa. Mwanamke mzee alikifungua kitabu polepole, akageuza karatasi moja, mbili, tatu.

"Hakuna wino mwekundu," alisema. "Jina la Mungu huandikwa kwa wino mwekundu. Na picha ya mfalme na kinubi chake iko wapi?" Akaendelea kugeuza. "Hii siyo Daudi. Abba, hii ni nini?"

"Ni kitabu, mama."

"Cha nini?"

Abba Zelibanos alifikiri. "Cha mjane mmoja," alisema.

Weizero Amsale, ambaye alikuwa ameubusu mfuko ule kila siku kwa wiki tatu, aliinua pembe ya shela yake akafuta midomo. Dada yake akafanya vivyo hivyo.

"Nani ametia kitu hiki hapa?" aliuliza Emama, na akamtazama mwanawe, kwa kuwa ndiye mwenye nyumba.

"Mimi sijui kabisa," alisema Getnet. "Mimi mchana kutwa niko kazini."

Tirsit alimtazama. Alingoja kidogo, kwa hesabu ya ndoa ya miaka minne, mumewe apate kusema neno la pili. Getnet alirudisha macho kwenye matangi ya maji.

"Ni mimi, Emama," alisema Tirsit. "Kitabu ni changu."

"Na Daudi iko wapi?"

"Chini ya godoro."

"Upande gani?"

Tirsit alimfunika mtoto upya.

"Nimekuuliza upande gani, mwanangu."

"Wa miguu."

Weizero Amsale alitoa sauti ambayo watu hutoa msibani. Emama Wagaye alipiga magoti, kwa tabu, akatia mkono chini ya godoro, akaitoa Daudi. Akaipangusa kwa shela yake, upande mmoja, upande wa pili. Kahawa ilikuwa tayari lakini hakuna aliyeketi kuinywa. Mlangoni, Abba Zelibanos akivaa viatu, Tirsit alimsikia akimwambia Emama kwa sauti ya chini kwamba Mungu ameona mabaya zaidi chini ya magodoro. Emama hakucheka.

*

Siku ile yote Emama Wagaye hakumsemesha mtu. Alimwogesha mtoto, akampakulia mzazi uji wake, akauweka mezani badala ya kumpa mkononi. Asubuhi ya pili, Getnet alipokwisha kwenda kazini mapema kuliko kawaida yake, Emama aliuvuta mkoba wake kutoka chini ya kabati, akaanza kukunja nguo.

Tirsit alimwangalia akikunja. Siku thelathini na tatu. Zimebaki arobaini na saba mpaka ubatizo. Mama mkwe akiondoka leo, mtaa mzima utajua kabla ya saa sita, na kesho atakuwa peke yake humu ndani na mtoto, bila uji, bila mkono wa pili, bila hata wa kumkasirikia. Alijua anapaswa kuanguka miguuni pake. Alikuwa tayari kufanya hivyo. Mdomo ukatoa kitu kingine.

"Emama, watu wangapi wameingia hapa?"

Emama aliendelea kukunja.

"Wanaingia kutwa," alisema Tirsit. "Hakuna hata mmoja aliyeniuliza neno lisilo la maziwa au la choo. Hata wewe. Nashukuru kwa uji, nashukuru kwa yote, ningekufa bila wewe. Lakini mimi sisemeshwi. Kichwa changu kina njaa, Emama. Nimesoma lile kopo la unga mpaka nalijua kwa moyo. Na Getnet tulikuwa tunazungumza, sasa tunaambiana amelala, ameamka, amelowa. Nilifikiri nikisoma kidogo nitapata la kumwambia, asije akanizoea hivi nilivyo. Sikukusudia kumdhalilisha Mungu. Sikuwa na mahali pengine."

Alisema hayo yote kwa mkupuo mmoja. Mtoto aliamka. Emama aliweka nguo chini, akamchukua, akamweka begani, akawa anampigapiga mgongoni.

"Mimi nilizaa saba," alisema. "Unajua nani alinisemesha?"

"Nani?"

"Ng'ombe." Alifikiri. "Alikuwa anasikiliza vizuri. Mume wangu alimuuza nikiwa na mimba ya tano, ndipo nikalia. Watu wakadhani nalilia maziwa."

Tirsit hakujua kama anaruhusiwa kucheka, akaacha.

"Ile ya upande wa miguu sijakusamehe," aliendelea Emama. "Hiyo utaitubu kwa Abba, naye akupe funga ya maana, asije akaingiwa na huruma kwa kuwa naye amesoma. Nimemwona. Lakini kuna la pili." Alimgeuza mtoto bega la pili. "Wiki ya pili niliona Getnet akitia kitu cha karatasi ya saruji ndani ya mfuko ule. Nikadhani ni sala aliyopewa kanisani. Nikafurahi. Jana amesimama mbele ya msalaba akasema hajui."

Tirsit alinyoosha shuka iliyokuwa imenyooka.

"Na wewe ukabeba lawama."

"Kitabu kilikuwa changu pia."

"Sikukuuliza. Nasema ukabeba." Emama aliusukuma mkoba kwa mguu, ukarudi chini ya kabati, nguo nyingine zikiwa nje. "Nilishuka kutoka Menz nikidhani nimekuja kulea mtoto mmoja. Huyo mjane alifanya nini?"

"Nani?"

"Mjane wa kitabu. Padri mzima anapotelewa na zaburi kwa ajili yake, lazima alifanya kitu."

"Sijui, Emama. Nimefika sehemu ya tatu tu. Kuna barua hajaifungua."

"Kwa nini haifungui?"

"Ndiyo nataka kujua."

Emama Wagaye alimrudisha mtoto mapajani mwa mama yake.

"Utanisomea," alisema. "Kwa sauti, kutoka mwanzo. Kama nilibusu dhambi wiki tatu, nataka kujua ilikuwa ya ukubwa gani."

"Na macho yangu?"

"Macho ni yako. Yakiharibika usiniite."

*

Jumapili Getnet alikwenda kwa Gashe Asrat mchana kweupe, akarudi na vipande vitano vilivyobaki chini ya kwapa, akipita mbele ya mlango wa Weizero Amsale uliokuwa wazi. Hiyo ilikuwa amri ya mama yake, pamoja na amri ya kutovaa koti. Weizero Amsale alimsalimia kwa upole mno.

Emama alitandaza majani sakafuni kwa desturi ya kahawa, akazikaanga buni, akazitwanga. Daudi ilikuwa ndani ya mfuko wake juu ya mto. Alimwita mwanawe, akamwekea Bezawit mikononi, akamrekebisha kiwiko.

"Kikombe cha kwanza mpaka cha tatu cha mwisho," alimwambia, "mtoto ni wako."

"Sawa, mama. Nitakaa hapa na—"

"Hapo panatosha. Karibu na mlango."

Tirsit alikaa na mto mgongoni, akafungua sehemu ya kwanza. Sauti ilikwaruza mwanzoni. Hakuwa ameitumia kwa kitu kirefu tangu ajifungue. Alisoma jinsi mjane alivyobaki na nyumba ya vyumba vitatu karibu na stesheni, na jinsi alivyomkubali mpangaji siku ileile aliyobisha hodi.

"Simama," alisema Emama. "Bila mdhamini?"

"Haikuandikwa mdhamini."

"Mwanamke peke yake anamwingiza mwanamume asiyejulikana, bila mdhamini, kwa sababu ana sanduku la saa? Mjinga huyo."

"Siyo mjinga, Emama. Nadhani alitaka kusikia mtu akitembea ndani ya nyumba."

Emama Wagaye alishika kikombe, hakunywa. "Hmm," alisema. Kisha akasema, "Hapo kweli. Miguu ya mtu ni kitu kikubwa. Lakini angemkodishia mwanamke."

"Mwanamke angemsemesha. Hakutaka kusemeshwa, alitaka kusikia tu."

"Sasa hapo unamtetea."

"Namtetea, ndiyo."

"Basi mimi simtetei. Endelea, tutaona nani ana haki."

Tirsit aliendelea. Kifuani palianza kulowa, wakati wa kunyonyesha ulikuwa unakaribia, na kwa mara ya kwanza tangu alipotoka hospitali alijiona hana haraka. Alimaliza aya. Akaanza inayofuata.

"Huyo mpangaji," alisema Getnet kutoka mlangoni, sauti ya kirafiki, "msimwamini sana. Ngojeni mfike pale Harar—"

Wanawake wawili waligeuza vichwa. Getnet alitazama mmoja, akatazama wa pili, na hakuna aliyemsaidia. Bezawit alichagua wakati huo kulia.

"Mpeleke koridoni," alisema Emama. "Hatusikii."

Akatoka. Mlango ulifungwa. Walimsikia akitembea huku na huku kwenye saruji, akimwimbia mtoto wimbo ambao maneno yake alijua nusu. Ndani, mjane alimuuliza mpangaji kwa nini saa zake zote zinasema wakati tofauti, mpangaji akajibu, na Emama Wagaye akatoa maoni yake kuhusu wanaume wanaotengeneza saa na wasijue siku. Tirsit alicheka. Kicheko kilitoka kikubwa kuliko alivyotarajia, kikamwaga kahawa kwenye shuka, na Emama naye akashindwa, akajifunika mdomo kwa shela.

Nje nyayo zilisimama. Getnet alikuwa amekisoma kitabu kile mpaka jalada la mwisho, na hakukumbuka mahali popote pa kuchekesha.

"Mmefika wapi?" aliuliza kupitia mlangoni.

Tirsit aliisikia sauti yake vizuri, na aliijua. Ilikuwa sauti aliyokuwa nayo yeye mwenyewe siku thelathini. Alifungua mdomo amjibu.

"Mbali," alisema Emama Wagaye, ingawa walikuwa bado ukurasa wa kumi na moja.